Muziki wa siku nzima kwenye ofisi ya nyumbani: Bluetooth, kisanduku cha Wi-Fi au simu tu?

Mchapakazi

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela. Chumba cha kazi ni mita 3 kwa 3.5, meza imegusa ukuta, kompyuta ni ya Windows, simu ni Android, intaneti ni ruta ya 4G yenye bando la GB 60 kwa mwezi. Nataka muziki wa chinichini kama saa sita kwa siku, siku za kazi tu. Vikao vya video ni vitatu au vinne kwa siku.

Kwa sasa kuna spika ndogo ya Bluetooth iliyounganishwa na kompyuta. Kero ni mbili. Nikiingia kwenye kikao, hata kabla wenzangu hawajafika, muziki unashuka wenyewe. Na nikivaa hedifoni za Bluetooth, kikao kikifunguka tu muziki unageuka kama redio ya mbao. Sitaki amplifaya na nyaya zilizozagaa, na sabufa ya sebuleni haihami. Ninunue nini, na nianze na kipi?

FundiMawimbi

Mkuu, kero zako zote mbili hazihitaji hata senti. Tuziondoe kwanza, manunuzi baadaye.

Ya kwanza ni mpangilio wa Windows. Ikiona programu imefungua mazungumzo, inashusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80, na ndivyo inavyokuja bila mtu kuichagua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Nenda kichupo cha "Communications", chagua "Do nothing", bonyeza OK. Imeisha.

Ya pili ni tabia ya Bluetooth yenyewe, usizilaumu hedifoni. Ina njia mbili za sauti: A2DP, inayopeleka stereo kuelekea masikioni tu, na HFP, ya mazungumzo, inayopeleka pande mbili lakini mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto na kulia. Programu ya kikao ikiomba maiki ya hedifoni, kila kitu kinahamia HFP, muziki ukiwemo. Sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa, zinashuka kutoka 44,100 au 48,000 kwa sekunde hadi 16,000, na kwa vifaa vya zamani 8,000. Masafa ya sauti hayavuki nusu ya idadi hiyo, kwa hiyo kwenye 16,000 kila kilicho juu ya 8 kHz kinakatwa: matoazi, "s" ya mwimbaji, pumzi ya filimbi. Ndiyo hiyo redio ya mbao.

Dawa: ndani ya programu ya kikao chagua maiki ya kompyuta yenyewe, hedifoni zibaki kwenye upande wa spika tu. Kama programu ni kaidi na inairudia maiki ya hedifoni kila mara, rudi mmsys.cpl, kichupo cha "Recording", bofya maiki hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uizime kwa "Disable".

Baada ya hapo, ushauri wangu ni mmoja: muziki uuondoe kabisa kwenye kompyuta ya kazi. Kompyuta ibaki na vikao, muziki uwe na chanzo chake. Hata ukiwasha upya kompyuta katikati ya siku, wimbo unaendelea.

Nyaya_Mbili

Naongezea upande wa manunuzi. Hela nyingi iende kwenye spika, kwa sababu ndizo zitakazokaa miaka. Vyanzo vinabadilika kila kukicha.

Kwa chumba hicho, jozi ya spika zenye amplifaya ndani, woofa (spika ya besi) ya inchi 4, inatosha na kubaki. Mfano ni Edifier R1280DB: ina Bluetooth, ingizo la optiki (waya unaopitisha sauti kwa mwanga) na matundu ya RCA, yale ya nyekundu na nyeupe. Nguvu yake wati 42, yaani 21 kila upande. Kwa mtu aliyekaa mita moja kutoka kwenye spika, hutafika hata robo ya hapo. Ndugu yake R1280T haina Bluetooth, inataka waya. Hofu yako ya nyaya ni kubwa kuliko hali halisi: amplifaya iko ndani ya spika moja, hiyo ndiyo inayoenda kwenye soketi. Ya pili inapata sauti kwa waya mwembamba wa kawaida wa spika unaobanwa nyuma. Angalia tu alama ya jumlisha na kutoa ziwe sawa pande zote mbili. Ukizigeuza upande mmoja, besi inapotea na mwimbaji anakuwa kama anaimba nyuma ya kichwa chako.

Chanzo sasa. Jiulize swali hili: wimbo unavutwa na nani kutoka mtandaoni? Ukitumia Bluetooth, simu ndiyo inayovuta kisha inasukuma kwenye spika. Simu ikiita, mlio unapita kwenye spika. Ukitoka na simu kwenda dukani, muziki unakatika. Ukitumia kisanduku cha Wi-Fi, kidude kinachochomekwa kwenye spika, kama WiiM Mini au WiiM Pro, kisanduku chenyewe ndicho kinachovuta. Simu inabaki kuwa rimoti. Unaweza kuizima na wimbo usikatike.

Kwa maoni yangu kisanduku ndicho chaguo safi zaidi kwa ofisi. Kasoro inayosumbua watu wengi ni moja: kisanduku kimewaka lakini programu haikioni. Kabla hujakirudisha dukani, hakikisha simu na kisanduku viko kwenye mtandao uleule. Mtandao wa wageni wa ruta huzuia vifaa kuonana, na kuna ruta za 4G ambazo hata mtandao wa kawaida unakuja na kizuizi hicho kimewashwa. Tafuta "AP isolation" kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya ruta, uizime.

Hesabu_Kwanza

Nyaya_Mbili, nakubaliana na wewe kwenye spika, kwenye kisanduku sikubaliani. Umesahau kwamba bando la huyu bwana ni GB 60.

Kilobiti 320 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha "Very High" cha Spotify, ni MB 144 kwa saa. Saa sita kwa siku, siku 22 za kazi: GB 19. Kilobiti 160 ni MB 72 kwa saa, GB 9.5 kwa mwezi. Kilobiti 96 ni GB 5.7. Sasa mtu akishawishika na ubora wa CD kwa FLAC (muziki uliobanwa bila kupunguzwa ubora), tuseme wastani wa kilobiti 900, hiyo ni MB 405 kwa saa, karibu GB 53.5 kwa mwezi. Vikao vya video vitakula nini? Na huyo anayecheza video za YouTube ili asikilize sauti tu, anailipia picha ambayo haiangalii.

Jibu la kawaida ni "pakua nyimbo usiku". Sawa, lakini hapa ndipo kisanduku kinapokuangusha. Nyimbo ulizopakua ziko ndani ya simu. Ukibonyeza Spotify Connect au Chromecast, vitufe vya kuhamishia muziki kwenye kisanduku, simu haipeleki hizo nyimbo. Inakiambia kisanduku wimbo gani, nacho kinaenda kuuvuta upya mtandaoni. Bando linaliwa vilevile, na ulichopakua kimekaa bure. Bluetooth na waya ndivyo vinavyocheza kilichomo ndani ya simu.

Kwa hiyo kwa mwenye bando lenye kikomo, mimi nasema: tafuta simu ya zamani kabatini, hata yenye kioo chenye ufa. Toa laini, izime arifa zote, weka programu ya muziki, pakua orodha zako kwa kilobiti 160, iunganishe na spika kwa Bluetooth, iache mezani. Haina laini, kwa hiyo haiiti. Spotify inataka iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, vinginevyo nyimbo zilizopakuliwa zinafungwa, na kupakua nyimbo kunahitaji akaunti ya kulipia. Kama una MP3 zako kwenye memori kadi, hata hilo halikuhusu.

Halafu ondoa hizo spika kwenye orodha ya Bluetooth ya kompyuta, chagua "Remove device". Usipofanya hivyo, kila ukiwasha kompyuta asubuhi inazidaka kabla ya simu.

Nyaya_Mbili

Hapo kwenye nyimbo zilizopakuliwa umenibana, Hesabu. Kwa mwenye faiba isiyo na kikomo bado nasimama na kisanduku. Kwa GB 60, simu ya zamani.

PiMezani

Kuna njia ya katikati: Raspberry Pi Zero 2 W (kikompyuta cha bodi moja), memori kadi ya GB 16, na DAC ndogo ya USB, kile kidude kinachogeuza data kuwa sauti (Zero haina tundu la hedifoni). Weka moOde au piCorePlayer, mifumo ya kuchezea muziki, chomeka flashi yenye nyimbo zako, endesha kwa kivinjari cha simu. Utahitaji adapta ya micro-USB OTG (ya kuchomekea vifaa vya USB) na habu ndogo ya kugawa tundu, kwa sababu tundu la data ni moja na vifaa ni viwili. Wi-Fi yake ni ya 2.4 GHz tu, usiitafutie mtandao wa 5 GHz.

Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, mfumo unaweza kuharibika na Pi isiwake tena. Kwa hilo piCorePlayer ina faida: ikishawaka inakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kadi haiguswi mpaka uhifadhi mipangilio mwenyewe. Ila nasema ukweli, kwa mtu aliyeomba kitu rahisi, hii si jibu. Ni kwa anayependa kuchokonoa.

Mchapakazi

Asanteni sana wakuu. Ile ya asilimia 80 imeisha kwa dakika moja. Nimechukua R1280DB na simu ya zamani kwa Bluetooth, muziki safi. Tatizo jipya: nimeunganisha na kompyuta pia kwa waya, kutoka tundu la hedifoni kwenda RCA, ili nisikilize video za mafunzo. Nikichagua ingizo hilo kuna mvumo wa "mmmm" hata kama hakuna kinachochezwa, na nikisogeza kipanya kuna kamlio kembamba. Nikichomoa chaja ya kompyuta, kimya.

FundiMawimbi

Umeshajipimia mwenyewe kwa kuchomoa chaja. Spika ni nzima, kompyuta ni nzima. Chaja inaleta njia ya pili ya umeme kwenda ardhini, na mkondo mdogo unapita kwenye ganda la waya wa sauti. Amplifaya haijui huo ni umeme au ni muziki, inaukuza tu. "Mmmm" ni 50 Hz ya gridi na jamaa zake wa 100 Hz. Kamlio kanakofuata kipanya ni kelele za saketi za kompyuta zikipita njia hiyohiyo.

Anza na cha bure: chaja na spika zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mara nyingine mvumo unapungua sana kwa hilo tu. Usipoisha, nunua kitenganishi cha "ground loop", kile kijisilinda chenye matundu ya 3.5 mm. Ndani mna transfoma mbili ndogo, moja kila upande, kwa hiyo sauti inavuka bila shaba kugusana. Kinakaa kwenye waya kati ya kompyuta na spika. Vile vya bei ya chini kabisa vinakula besi ya chini kidogo. Kwa video za mafunzo hutaona tofauti. Njia ya optiki ingekuwa bora zaidi, lakini kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu lake.

Usije ukakata wala kukunja pini ya ardhi ya plagi ya chaja, hata fundi wa mtaani akikwambia ndiyo dawa ya mvumo. Ni kweli mvumo unaondoka. Chaja ikija kuvujisha umeme, mwili wa kompyuta ndio utakuwa na moto na wewe ndiye ardhi.

Jingine: sauti ya kompyuta iweke 85 mpaka 90, halafu punguza kwa kitasa cha spika. Watu hufanya kinyume, kompyuta 20 na spika mpaka mwisho, kisha wanalalamika spika "zinapiga shhh".

Nyaya_Mbili

Na kwa kuwa meza imegusa ukuta: zivute spika sentimita 15 hivi kutoka ukutani, besi ipunguze kidogo kwa kitasa cha pembeni, na uziinue mpaka twita, ile spika ndogo ya juu, iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Kipande cha mbao au vitabu viwili vikubwa vinatosha. Zikilala moja kwa moja juu ya meza, sauti za kiume zinakuwa nzito kama mtu anaongea ndani ya ndoo.

Mchapakazi

Ekstensheni moja imepunguza mvumo kwa zaidi ya nusu, kitenganishi nimeagiza. Spika zimepanda juu ya matofali mawili yaliyofungwa kanga. Tofauti inasikika.