Kuchakura gemu za zamani kwenye maduka ya mitumba Japani: lebo, mabovu na umeme

Mchakuzi_wa_Kaseti
Wakuu, habari zenu. Safari ni siku tisa, Tokyo tano na Osaka nne, na bajeti ya gemu ni yeni 40,000. Shabaha ni Super Famicom moja, Nintendo 64 moja, Game Boy mbili tatu na kaseti kama thelathini. Vyote vije kufanya kazi kwenye umeme wa 240V na televisheni bapa. Je, Akihabara, mtaa wa gemu wa Tokyo, inatosha au kuna pengine pa kwenda? Lebo za Kijapani zinasomwaje? Na kwenye yale makapu ya vitu vibovu, kipi kinafaa kuokotwa na kipi kiachwe?

Ngamia64
Mkuu, Akihabara nenda ukaone, ila usimalizie hela pale. Maduka ya Super Potato, Retro Game Camp na BEEP yana mali nzuri iliyosafishwa, na bei yake inajua kwamba wewe ni mtalii. Duka la Mandarake kwenye jengo la Nakano Broadway, hapohapo Tokyo, ni vilevile. Osaka kuna Den Den Town, mtaa wa Nipponbashi, ambako unaweza kulinganisha maduka mengi kwa miguu ndani ya saa chache.

Bei ya kupumua iko Hard Off, maduka ya mitumba yenye matawi mengi, na hasa yale ya nje ya katikati ya jiji, kando ya barabara kuu, ambako watu huenda kwa gari. Panda treni dakika arobaini au hamsini kutoka katikati, tafuta tawi kwenye ramani, tembea. Mara nyingi jengo moja lina Hard Off (vifaa vya umeme), Hobby Off (midoli na burudani) na Book Off (vitabu na gemu), kwa hiyo pitia zote. Kaseti huweza kuwa kwenye lolote kati ya hayo.

Sasa lebo. Usiingie dukani bila kuyajua haya:

ジャンク (janku): kibovu, au hakijapimwa. Hakirudishwi, basi.
動作確認済み: kimepimwa na kinafanya kazi.
動作未確認: hakijapimwa. Linafanana na lile la juu, ila hili lina herufi 未, ambayo maana yake ni "bado", na halina 済み. Hapo ndipo watu huumia.
箱説: kina boksi na kijitabu. Ukiona なし baada yake, havipo.
欠品: kuna kitu kimepungua. Soma maandishi ya kando yake, ndiyo yanayotaja ni kitu gani.
名前書き: mtoto wa watu aliandika jina lake kwenye kaseti. Bei hushuka, gemu ni ileile.
黄ばみ au 日焼け: plastiki imegeuka njano. Ni sura tu.
電池切れ: betri ya kuhifadhi imekwisha.

税込 ni bei yenye kodi ndani, 税抜 bado. Kodi ni asilimia 10, ndiyo maana kapu la vitu vya bei poa huandikwa 110, 330 au 550.

FundiRisasi
Hapo kwenye mabovu niongezee, maana neno "janku" linabeba mambo mawili tofauti kabisa: kilichokufa, na kile ambacho mfanyakazi hakuwa na waya wa kukipimia. Kazi yako ni kuvitenganisha. Hard Off nyingi zina meza ya kupimia yenye plagi, adapta na televisheni. Omba kuitumia hata kwa kitu cha yeni 550.

Nintendo 64 isiyotoa picha: fungua kifuniko kidogo cha mbele, juu. Pale lazima pawe na kipande cha kuchomeka kiitwacho Jumper Pak au Expansion Pak. Pakiwa wazi mashine haiwaki picha kabisa, na mtu asiyejua ataiita mbovu. Pedi yake itikise: kijiti kikilegea na kuacha unga mweupe, kimelika, na kusafisha hakutakirudisha.

Super Famicom ni ngumu kufa. Njano usiijali. Kitikise usikie kama kuna kitu kinacheza ndani, kisha tazama pini za kaseti kwa tochi ya simu.

Game Boy ya kwanza (ya 1989) inataka betri nne za AA, kwa hiyo tembea nazo mfukoni. Mistari ya wima iliyopotea kwenye kioo kwa kawaida ni utepe wa chini ulioachia, na joto la chuma cha kuchomea risasi huurudisha. Mistari ya mlalo iache. Fungua mlango wa betri: ukungu wa kijani kidogo hutoka kwa siki, lakini chuma kikishaliwa kabisa unanunua mzigo.

Sega Saturn inayouliza tarehe kila ukiiwasha si mbovu, ni betri yake ya kidonge, CR2032, imekwisha, na iko nyuma ya kimlango cha mgongoni. Hiyo chukua.

Vya kuogopa kama hujui kuchomea risasi: Game Gear na PC Engine Duo (kapasita huvuja na kula bodi), Famicom Disk System (mkanda wa mpira huyeyuka ukawa lami), Virtual Boy (gundi ya nyaya za vioo huachia, picha ikajaa mistari). Ukivikuta kwenye janku, karibu kila mara ugonjwa ni huohuo.

Kaseti: kabla hujaitangaza imekufa, ipanguse. Pamba za masikio na etanoli isiyo na maji, 無水エタノール, inauzwa maduka ya dawa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaozesha pini. Betri ya kuhifadhi kwenye kaseti nyingi za Super Famicom ni CR2032 iliyochomelewa. Nunua yenye masikio ya chuma tayari, usichomelee betri tupu. Bisibisi ya kaseti ni ya 3.8mm, ya mashine ni ya 4.5mm.

Bint_Kariakoo
Wakuu mmesahau kinachoua mashine siku ya kwanza nyumbani: umeme. Japani ni 100V. Hiyo plagi ya pini mbili ukiitia adapta ya umbo na kuichomeka kwenye 240V, umeikaanga.

Super Famicom, Famicom, PC Engine nyeupe na Mega Drive ya kwanza zina adapta ya nje, na zote nne zinakubali adapta moja ya kisasa: 9V DC, 1.5A au 2A, kichwa cha 5.5 kwa 2.1mm, hasi katikati. Adapta nyingi za mtaani ni chanya katikati, soma mchoro ulio juu yake. Mega Drive 2 ndiyo msaliti: chanya katikati, kichwa kidogo. Kwa hiyo adapta ya Kijapani acha hukohuko, utapunguza kilo.

Nintendo 64 na GameCube: adapta ya toleo la Ulaya inaingia moja kwa moja. PlayStation ya kwanza, Saturn na Dreamcast zina umeme ndani, hizo zinataka transfoma ya kushusha mpaka 100V. Ya 110V huvumilika, inapata joto zaidi kidogo.

Televisheni: Super Famicom na N64 hutumia waya uleule wa AV, na televisheni bapa nyingi zinapokea NTSC, mfumo wa picha wa Japani, bila tatizo. Famicom ya 1983 usinunue kama si pambo, inatoa picha kwa njia ya antena tu, kwenye chaneli 1 au 2 za Kijapani. Tafuta AV Famicom ya 1993.

Mchakuzi_wa_Kaseti
Shukrani sana wakuu. Kaseti za Super Famicom zitacheza kwenye SNES (Super Famicom ya Ulaya) aliyonayo ndugu yangu? Na kodi ya watalii ikoje?

Ngamia64
Hazitacheza, chipu ya kufuli inakataa. Game Boy na Game Boy Advance hazina kufuli, kaseti ya Kijapani inacheza popote. Ila chagua gemu za kurusha risasi, kurukaruka na mbio. Hadithi ndefu za Kijapani zitakushinda ukurasa wa kwanza, na makapu yamejaa besiboli na mahjong kwa sababu hata wenyewe hawazitaki.

Kodi: duka lenye alama ya Tax-free, manunuzi ya yeni 5,000 au zaidi kabla ya kodi, duka moja, siku moja, pasipoti mkononi. Kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa kodi yote kwanza, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha uwanja wa ndege. Kwa hiyo kusanya vya duka moja ulipie pamoja.

FundiRisasi
Na bisibisi ya 3.8mm iweke kwenye begi la kupakia chini, si la mkononi.