Kilwa, Lamu au Mji Mkongwe: tuuweke wapi mchezo wetu wa kompyuta?

Mwanagenzi:
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu, yeye akiandika programu nami nikichora, tunatengeneza mchezo wa kompyuta bila kampuni wala mfadhili. Mchezaji ni mwanafunzi wa fundi mwashi ambaye hutumwa nyumba hadi nyumba na kugundua polepole siri ya ukoo mmoja. Tunataka mji wa kweli wa pwani, na tumebaki na mitatu iliyotajwa hapo juu. Mwenzangu anautaka Mji Mkongwe wa Unguja kwa kuwa unafahamika hata mbali, lakini mimi naogopa kwamba mji unaofahamika mno utatufunga mikono. Ninyi mngechagua upi?

Boriti Saba:
Ningechagua Lamu, kwanza kwa sababu ya kazi yenyewe. Vichochoro vyake ni vyembamba na vina kona nyingi, kwa hiyo mchezaji haoni mbali, na kompyuta dhaifu hailazimiki kuonyesha mji mzima kwa mara moja. Isitoshe, upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Mkishachora chumba kimoja kwa kipimo hicho, pamoja na daka (kibaraza cha mlangoni), zidaka (vishubaka) za ukutani na wikio linalovuka juu ya kichochoro, mtaweza kuvipanga upya vipande hivyohivyo mpaka mtaa ukamilike. Punda msiwasahau, mwashi wa Lamu asiye na punda wa kumbebea mawe ni kichekesho.

Kusi:
Vipimo ni kweli, ila kuna swali linalotangulia: ni mwaka gani? Unguja mwaka hubadilisha kila kitu. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani lililo ufukweni Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, lakini mnara wa saa uliunganishwa nayo baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuuharibu mnara wa awali, uliokuwa umesimama peke yake mbele ya jumba. Mkikosea hapo, Mzanzibari wa kwanza atakayecheza atawasahihisha.

Kilwa Kisiwani ina nafasi zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika huko 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye jumba lake la Husuni Kubwa bado lina kuta zake na bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Ramani mnayo, na vyombo vya ndani mtavibuni bila mtu kudai kwamba nyumba ya babu yake haikuwa hivyo. Gharama yake ni kwamba kila jamvi na kila taa mtaiamua wenyewe.

Mama Nahodha:
Msiichore Kilwa kama mahame, kwa maana watu wanaishi kisiwani hadi leo, na makaburi si mahali pa kuficha hazina za mchezo. Mkihofia lawama, tazameni Tchia, mchezo wa kompyuta wa 2023: visiwa vyake ni vya kubuni, lakini vimetokana na New Caledonia, visiwa vya bahari ya Pasifiki.

Mwanagenzi:
Nawashukuru. Mwenzangu amekubali hoja ya boriti, ingawa bado anaulilia mnara wa saa. Tutaanza na kichochoro kimoja cha Lamu, wikio moja na punda wawili, tuone kama kompyuta yangu ya zamani itakibeba.