Naomba ushauri: binti yangu amekwama katika kuandika hadithi yake ya fantasia

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka 14, ambaye moyo wake uko katika mambo matatu: kusoma riwaya za fantasia, kuandika hadithi zake mwenyewe na kuoka. Kusoma hakunipi shida. Kinachonisumbua ni uandishi, kwa kuwa ana madaftari manne yaliyojaa ramani, majina ya falme na sheria za uchawi, lakini hadithi yenyewe imekwama katika sura ya tatu.

Wiki iliyopita aliniruhusu nisome kurasa mbili. Humo mlikuwa na mwokaji mikate ambaye unga wake huumuka pale tu anaposema ukweli, nami niliguswa sana, kwa sababu niliona jiko letu ndani ya maandishi yake. Kwa bahati mbaya nikaanza kumsahihisha tahajia. Akalifunga daftari na hajanionyesha tena.

Jikoni ni mtu mwingine kabisa: hupima unga kwa mizani, huipa hamira muda wake bila kuiharakisha, na keki ikididimia katikati kwa sababu alifungua oveni mapema, huoka nyingine kesho yake.

Je, ninyi mliolea vijana wa namna hii, nimwombeje radhi ili aniamini tena? Na je, ni vema nimwekee lengo, tuseme ukurasa mmoja kwa siku, au nimwache aendelee na ramani zake?