Detekta ipi kwa shamba la zamani Kisauni: ACE 250, Simplex+ au Equinox 800?

MjukuuWaShamba
Assalaam aleikum. Shamba la marehemu babu liko upande wa Kisauni, Mombasa. Kuna minazi, mikanju michache, na kipande ambacho ami yangu hulima muhogo. Mwezi uliopita jembe lake lilifukua sarafu ya shaba. Imeota kutu ya kijani, lakini jina MOMBASA linasomeka, na mwaka 1888. Tangu siku hiyo usingizi umenipungua, nawaza kuna nini kingine humo chini.

Nataka kununua detekta ya metali. Nimepata Garrett ACE 250 iliyotumika, Nokta Simplex+ mpya, na Minelab Equinox 800 ambayo itabidi nijikusuru miezi kadhaa. Ipi inafaa ardhi yetu?

FundiWaKoili
Waaleikum salaam. Anza na udongo kabla ya mashine. Juu ya mwamba wa matumbawe ardhi huwa tulivu na karibu kila detekta itafanya kazi. Ukiingia kwenye udongo mwekundu wenye chuma, mambo hubadilika: mashine inasikia ardhi yenyewe na kupiga kelele ovyo.

Hapo ndipo ACE 250 inaposhindwa. Masafa yake ni kilohezi 6.5, lakini tatizo ni urekebishaji wa ardhi, yaani kuizoesha mashine isiusikie udongo: umewekwa kiwandani, huwezi kuugusa. Simplex+ ni kilohezi 12, nayo unaweza kuirekebisha kwa udongo uliosimama juu yake. Equinox hutuma masafa mengi kwa pamoja, kwa hiyo inavumilia udongo mgumu na hata mchanga uliolowa maji ya chumvi. Zote mbili zinaingia majini hadi mita 3, ila hilo halikuhusu kwenye muhogo.

Kwa shamba lako ningechukua Simplex+. Equinox ni bora, sikatai, lakini tofauti yake utaiona zaidi ufukweni Nyali kuliko Kisauni. Na usitarajie kina kikubwa. Sarafu ndogo kama hiyo ikizidi sentimita 20 au 25, mashine yoyote kati ya hizi itaanza kubahatisha.

Mtongwe77
Mimi nina ACE 250 kwa miaka mingi. Kwa pete zilizopotea na funguo inatosha. Kwa shamba la zamani, misumari itakuchosha. Nyumba ya udongo ikianguka huacha misumari kila mahali, halafu juu yake kuna vifuniko vya soda vya miaka hamsini. Na kama unafikiria zile detekta za mapigo (pulse induction) zinazosifiwa kwa kina, ziache. Hazijui kubagua chuma vizuri, utachimba kila msumari.

BintiRabai
Ndugu yangu, ngoja kwanza kabla hujatoa pesa. Hiyo sarafu ni ya Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka huohuo wa 1888 na kutawala huku kwetu hadi 1895, ulipotangazwa utawala wa moja kwa moja. Shikilia huo mwaka wa 1895. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kitu chochote cha kubebeka, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale. Sarafu ya ami yako iko ndani. Senti kumi za tundu za wakati wa mkoloni, zilizokuja baadaye, haziko.

Kuokota kwa bahati si kosa, ila unatakiwa uwaarifu Makavazi ya Taifa bila kuchelewa na uonyeshe ilipotoka. Kutoka makusudi kwenda kutafuta na kuchimba vitu vya kale kunahitaji leseni.

Mtongwe77
Hata shambani kwa babu yake mwenyewe? Shamba ni lao!

BintiRabai
Ardhi ni yao. Vitu vya kale vilivyo chini yake sheria inavihesabu kuwa vya taifa. Najua inauma kuisikia, lakini mimi naiunga mkono. Nimeshika ungo kwenye uchimbaji wa akiolojia, nikaona tofauti. Kitu kimoja kikiandikwa kimetoka tabaka lipi, pembeni ya nini, kinaeleza nyumba nzima. Kikitolewa kwa shimo la haraka kinabaki kipande cha shaba mfukoni. Fikirieni meli ya Wareno, Santo António de Taná, iliyozama mbele ya ngome ya Fort Jesus mwaka 1697. Ilichimbwa kwa utaratibu kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ya ngome hadi leo. Wazamiaji wangejiokotea kila mtu chake, leo tungeonyesha nini?

Na jambo ambalo hakuna aliyelitaja: detekta inasikia metali tu. Historia ya pwani yetu nyingi si metali. Ni vigae vya vyungu, kaure za Kichina za buluu na nyeupe, shanga za kioo, vipande vya ukuta wa matumbawe. Nenda kwenye magofu ya Jumba la Mtwana, tazama chini unapotembea, utaelewa. Mashine ya bei yoyote itapita juu ya kigae cha miaka mia sita ikiwa kimya kabisa. Macho yako, asubuhi baada ya mvua ya kwanza ya masika kuosha udongo uliolimwa, yatakuonyesha zaidi ya Equinox. Usiokote. Piga picha, weka alama mahali, hesabu hatua kutoka kwenye mti unaojulikana.

MzeeWaMkanju
Mwanangu, mimi nitaongeza la wazee. Mashamba ya upande huo katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na si wote waliozikwa mahali penye alama. Kabla ya kushika hata sepetu, keti na mkubwa wa ukoo uulize makaburi yako wapi, na palikuwa na nyumba ya nani. Nyanya yako kama yuko hai anajua zaidi ya kitabu. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, usiikaribie na mashine hata kwa kupita.

FundiWaKoili
Nakubali, na nabadilisha jibu langu. Kama huna leseni, usinunue Simplex+ kwa ajili ya shamba hilo. Kama unataka mashine ya kutafutia pete za watu ufukweni, basi hapo nenda Equinox kwa sababu ya chumvi.

Swali muhimu: hiyo sarafu umeisafisha?

MjukuuWaShamba
Ami alitaka kuisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya shaba. Nilimzuia, Alhamdulillahi. Iko kwenye karatasi.

FundiWaKoili
Vizuri mno. Ndimu ingekula maandishi yote. Iache kavu, usiipake mafuta wala usiifunge ndani ya plastiki, unyevu ukibaki na chumvi ya udongo shaba inaendelea kuliwa.

MjukuuWaShamba
Nimewasoma wote mara mbili. ACE nimeikataa, na hizo nyingine nimeziweka kando. Jana nilikaa na nyanya. Ananiambia pale penye muhogo palikuwa na duka la Mhindi kabla mama yake hajaolewa, na kisima ambacho kilifukiwa. Mimi sikuwahi kusikia habari ya duka. Ami ameacha mistari minne ya muhogo bila kung'oa, amechomeka kijiti pale sarafu ilipotokea. Jumanne naipeleka Fort Jesus na ramani niliyochora kwa mkono, na nitawauliza kama wanaweza kutuma mtu aje aone kisima.