Kaseti za bibi yangu za vugo na tenzi: nitazihamisha vipi kwenye kompyuta bila kuziharibu?

BintiMkomani, Amu

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Mkomani. Bibi yangu mzaa mama ametangulia mbele ya haki, na ndani ya kasha lake la nguo tumekuta kaseti zimefungwa kwa leso. Nyingi ni za harusi za miaka ya 1970 na 1980: vugo la wanawake, pembe zikigongwa, mmoja anatoa na wengine wanapokea. Nyingine ni bibi mwenyewe akisoma tenzi nyumbani usiku. Kuna pia spuli mbili kubwa za utepe wa sauti, za kaka yake, na mashine ya kuzichezea hatuna.

Binamu yangu anasema tuajiri kijana mmoja, anakili maneno yote, tuchapishe kitabu, kisha kaseti zitupwe kwani zinaoza. Kwake yeye mali ni maneno. Mimi siafiki hata kidogo. Bibi alikuwa na t ya ulimi kwenye meno na t ya ulimi kwenye ufizi, na aliyekulia Amu anazitofautisha bila kufikiri, lakini kwenye karatasi zote zinaandikwa t ile ile. Mahadhi ya utenzi je? Pale anapovuta mwisho wa ubeti, akanyamaza kidogo, akashika ubeti mwingine? Kijana ataandika nini hapo?

Nina laptopu na redio kaseti ya zamani. Kaseti moja ina unga mweupe kwenye utepe, nyingine ikizungushwa kwa kalamu inakwaruza. Sijacheza hata moja. Nianzie wapi?

FundiSauti, Malindi

Wa aleikum salaam dada. Mimi natengeneza redio na spika hapa Malindi, na kaseti zimepita nyingi mikononi mwangu. Umefanya vyema kutozicheza.

Ile yenye unga mweupe itenge leo hii, itie kwenye mfuko wake peke yake. Huo ni ukungu. Ukiicheza, vumbi lake linabaki kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na linahamia kwenye kila kaseti itakayofuata, na kifua chako pia hakitapona. Ile inayokwaruza, mara nyingi kilichoharibika ni gamba, utepe wenyewe ni mzima. Unafunguliwa ukahamishiwa kwenye gamba jipya la skrubu. Tazama pia kile kitambaa kidogo cha sufi kinachousukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kitambaa kinaanguka, sauti inakuwa hafifu, na mtu anadhani kaseti imekufa.

Kwa zote, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asije akarikodi juu yake. Kabla ya kuicheza, izungushe mpaka mwisho na uirudishe, kwani utepe uliokaa miaka mingi umeshikana.

Hiyo redio kaseti iache. Tafuta deki nzima inayotoa sauti kwa waya, na kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Vile vichezeo vidogo vya USB vya bei rahisi usinunue, mwendo wake unayumba. Safisha hedi kwa spiriti safi. Halafu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza sauti: kando ya hedi kuna skrubu ndogo ya kuiinamisha. Kila kaseti ilirikodiwa na mashine yake, kwa hiyo kila moja inataka hedi irekebishwe upya. Zungusha taratibu mpaka hizo pembe za vugo zisikike wazi. Ukiihamisha na hedi imekaa upande, hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea.

Rikodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48 kwa uchache. Maktaba kubwa za sauti hutumia 96. Kwa 48, saa moja ya stirio ni kama gigabaiti 1. Nakala mama usiisafishe kelele, iache ilivyo. MP3 utaitoa baadaye, ya kutumiana kwa WhatsApp. Weka nakala tatu, na moja isiwe nyumba moja na nyingine.

Spuli zinuse. Zikitoa harufu ya siki, huo ni utepe wa asetati unaooza, usiupashe moto kamwe. Kuna aina nyingine, hasa za miaka ya 1970 na 1980, zinazonata. Mafundi wa kumbukumbu huzipasha joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa ndipo zichezeke, lakini wana mashine yenye joto lisilobadilika. Oveni ya jikoni hapana.

MalindiHadiDublin

Dada BintiMkomani, mimi nimezaliwa Malindi na sasa naishi Dublin. Binamu yako msimulie yaliyotokea huku Ayalandi.

Mwaka 1935 iliundwa tume ya kukusanya ngano na mila za nchi hii. Watu wake walibeba mashine ya Ediphone mpaka kwenye nyumba za wazee vijijini, wakarikodi hadithi za Kiayalandi kwenye silinda za nta. Kisha wakakaa kuzinakili neno kwa neno. Silinda zilikuwa ghali na fedha chache, kwa hiyo ikishanakiliwa, nta ilikwanguliwa ikawa laini tena, akarikodiwa mzee mwingine. Maandishi yao yako chuo kikuu cha UCD na ni hazina kubwa sana. Wale watu walifanya kazi ya ajabu kwa walichokuwa nacho. Lakini wazee wengi sana waliosimulia, sauti zao hazipo tena duniani. Hadithi unaisoma yote na hujui msimulizi aliharakisha wapi wala alinong'ona wapi. Binamu yako anataka kufanya hivyo hivyo, na yeye hana shida ya nta.

Sasa mpe na upande wa pili. Kati ya 1928 na 1931, serikali ya hapa ilimpa kazi Mjerumani Wilhelm Doegen, yeye na msaidizi wake wakarikodi wasemaji wa Kiayalandi kwenye santuri. Wamo watu wa Tyrone na Louth, sehemu ambazo waliozaliwa na lahaja zile wamekwisha wote. Leo Royal Irish Academy imeziweka kwenye intaneti, maandishi na tafsiri ubavuni. Wengi walisimulia kisa kimoja, cha mwana mpotevu, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha lahaja sentensi kwa sentensi. Natamani sana tufanye hivyo kwetu: kisa kimoja cha Abunuwasi, kisimuliwe na mzee wa Amu, wa Pate, wa Siyu, wa Mvita.

Na mwaka 1948 tume ile ile ilimtuma mtu na mashine ya kukata santuri mpaka kisiwa cha Man, kwa majirani zao, kuwarikodi wazee wachache waliobaki na Kimanx, lugha ya kisiwa hicho. Mmoja wao, Ned Maddrell, alifariki 1974, na ndiye anayehesabiwa wa mwisho kukulia katika lugha ile. Wanaojifunza Kimanx leo wanasikiliza santuri zile wajue matamshi.

Na mwaka 1928, ule ule alioanza Doegen, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay kurikodi. Pwani yetu haikuchelewa kuingia kwenye santuri. Kinachotukosesha ni mahali pa kuziweka sauti zetu.

BiMkubwaShela

Wanangu, mmesema mazuri, ila hamjawataja wenye sauti. Vugo ni la wanawake. Waliokuwamo mle ndani waliimba mbele ya wenzao, na mengine yanayoimbwa pale ni mafunzo ya bi harusi, hayasikizwi na kila mtu. Baadhi yao wangali hai, wengine wameacha watoto. Msije mkaitia intaneti sauti ya mama wa mtu.

Binti yangu, kwanza pita nyumba kwa nyumba. Ipo ya kukaa kwa familia tu, ipo ya kusikilizwa na wanawake, ipo ya kupelekwa makumbusho, na tenzi za bibi yako zinaweza kuwa za wote. Miswada ya Riyadha, msikiti na chuo chetu hapa Amu, ilipopigwa picha kwa mradi wa British Library, vitabu vyenyewe havikuondoka Amu. Na kaseti zako zisiondoke moja kwa moja. Nakala ziende, asili ibaki.

BintiMkomani, Amu

Bi Mkubwa, shukrani sana, nimekusikia. Nitaanza na tenzi za bibi, hizo ruhusa yake iko kwetu. Za harusi zitangoja.

Mama yangu mkubwa angali anatambua sauti nyingi, anajua aliyetoa vugo ni nani na harusi ilikuwa ya nani, na juu ya magamba hakuna jina hata moja. Umri wake umekwenda, na hilo linanitia wasiwasi kuliko ukungu. Nataka nikae naye wiki hii nimchezee aniambie majina. Kaka Fundi, deki unayo wewe? Naweza kuzileta Malindi mwenyewe.

FundiSauti, Malindi

Deki ninayo, na skrubu ya hedi nimeizoea. Lakini mama mkubwa usimchezee kaseti. Atataka kurudisha nyuma, asikilize tena, na utepe wa umri ule unaweza kukatika pale pale. Mchezee nakala, na simu nyingine iwe inamrikodi anapotaja majina. Kwa hiyo zilete mapema, ukaanze naye mara ukirudi. Ukivuka Mokowe na kupanda basi, mfuko uwe mapajani, usiuweke kwenye buti wala karibu na spika, sumaku yake si nzuri kwa utepe. Ile yenye ukungu ije kwenye mfuko wake. Spuli nazo zilete, tuzinuse pamoja.

BintiMkomani, Amu

Inshallah. Alhamisi napanda basi la asubuhi. Kaseti za tenzi ndizo nitakazotanguliza.