Mdogo wangu yuko jela ya kaunti Marekani, insulini inacheleweshwa, tunaweza kuwashtaki?

NuruK:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua sheria za Marekani. Mdogo wangu wa kiume yuko jela ya kaunti anasubiri kesi, hajahukumiwa chochote, dhamana imetushinda. Ana kisukari cha kuchoma insulini toka utotoni na kila akipiga simu ananiambia sindano inachelewa, mara chakula kinakuja insulini inafuata baada ya masaa, akimwambia nesi anaambiwa aandike karatasi asubiri. Juzi kazimia, wenzake ndo waligonga mlango na kupiga kelele mpaka askari akaja. Selo yenyewe ya wawili wanalala watatu, mmoja chini pembeni ya choo. Nikipiga jela wananijibu hawatoi habari za mgonjwa. Halafu yeye sio raia, ana makaratasi ya kuishi tu, na kuna ndugu wanasema tukilalamika tutamharibia. Tuanzie wapi jamani?

MzeeWaFaili:
Pole sana dada. Kabla hatujaongelea kushtaki, insulini kwanza. Leo hii mtafute wakili wake wa kesi ya jinai, hata kama ni wa bure aliyepewa na mahakama, mwambie jamaa kazimia. Anaweza kuwaandikia barua jela, na anaweza kwenda kwa jaji kuomba dhamana ishushwe au atolewe akatibiwe. Kesi ya madai inakula miaka, kisukari hakisubiri. Mdogo wako asaini fomu ya kuruhusu wewe upewe taarifa zake. Ila wewe kuwapa wao taarifa hakuna anayekuzuia, jina la dawa, dozi, daktari wake wa nje, watumie kwa maandishi leo na ubaki na kopi.

Haki anayo tena kubwa. Mwaka 1976 kwenye kesi ya Estelle v. Gamble Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili na katiba inakataza. Hapo ni mtu ameshahukumiwa. Wa kwako ni mahabusu, analindwa na Marekebisho ya 14 ya katiba yao, na Bell v. Wolfish ya 1979 ilisema mahabusu haadhibiwi kabisa kabla ya hukumu. Na hayo marekebisho yanasema mtu yeyote, sio raia peke yake, waambie hao ndugu. Kama wana wasiwasi waongee pia na wakili wa uhamiaji, lakini kunyamaza na mtu anazimia hapana.

Karani wa Zamani:
Naongezea kitu ambacho kinaua kesi nyingi sana za watu wa ndani na familia hazijui: FOMU YA MALALAMIKO ya jela. Kuna sheria ya 1996 inaitwa PLRA, inasema aliye ndani hawezi kwenda mahakama ya shirikisho kuhusu hali ya jela mpaka amalize ngazi zote za malalamiko za humohumo ndani, na inawagusa mahabusu pia sio wafungwa tu. Akikataliwa ngazi ya kwanza akate rufaa ya ndani, na tena kama kuna ngazi nyingine. Muda unakuwa mfupi mno, siku chache tu sehemu nyingine, na Woodford v. Ngo ya 2006 ilisema ukichelewa hiyo tarehe ya jela basi hujamaliza ngazi, kesi inatupwa hata kama ulikuwa na haki. Kwa hiyo asome kitabu cha kanuni za jela usiku huuhuu, aandike kila sindano iliyochelewa, saa ngapi, nesi gani, aliomba saa ngapi, na ya kulala chini aandike fomu yake. Kuzimia ndo aandike vizuri zaidi. Mahakama inataka kuona walijua na hawakufanya kitu, na kujua kwao kunathibitishwa na hizo karatasi.

Simba_Mweupe:
Mimi nitasema tofauti, jela sio hoteli. Kila mtu akishtaki kwa kuchelewa dawa wataendeshaje?

MzeeWaFaili:
Mkuu, aliyefungiwa hawezi kutoka kwenda duka la dawa, serikali ndo imeshika ufunguo kwa hiyo imebeba na matibabu yake. Angalia California: magereza ya watu kama 80,000 yalikuwa na karibu 156,000, watu wanakufa kwa magonjwa yanayotibika, mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2011 kwenye Brown v. Plata ikakubali idadi ipunguzwe hadi asilimia 137.5 ya uwezo. Hapo hakuna aliyeomba hoteli.

NuruK:
Ahsanteni sana, wakili kapokea simu na nimeshatuma barua ya daktari. Ila wanasema matibabu ni kampuni binafsi sio kaunti, na mdogo wangu anasema askari alikataa kupokea fomu yake.

Karani wa Zamani:
Kampuni isikutishe, West v. Atkins ya 1988 ilisema daktari wa mkataba anayetibu wafungwa anahesabiwa anafanya kazi ya serikali, anashtakika. Na fomu kukataliwa aandike nyingine inayosema hivyohivyo, tarehe na jina la askari, akupe na wewe kwa simu uandike. Ross v. Blake ya 2016 ilisema njia ya malalamiko lazima iwe inapatikana kweli, jela haiwezi kuziba mlango halafu ikasema hukupita. Muda wa kufungua kesi unategemea jimbo, muulize wakili wa haki za kiraia (civil rights) wiki hii, usingoje atoke.