Nimenasa kwenye riwaya za kihistoria, sasa nasoma tu, siandiki

Kalamu_Butu
Wakuu, salaam. Kwa miaka minne nimeandika hadithi za upelelezi na sijamaliza hata moja. Zote zinafia sura ya tatu, na muuaji ni yule yule: simu. Mhusika akipotea, anapigiwa. Akidanganya alikuwa wapi, mtu anatoa picha. Ikawa kila sura naishiwa betri au nakata mtandao, hadi mdogo wangu anayenisomea miswada akauliza kama wahusika wangu hawajasikia habari za chaja.

Siku moja kwa hasira nikamtupa mhusika wangu mwaka 1790, ndani ya merikebu. Akamwandikia mkewe kwamba yu hai, na barua ikakaa njiani miezi mitatu. Jamani! Ndani ya miezi hiyo mke ameomboleza, ameuza vitu vya mumewe, ameletewa posa. Sikuhitaji maiti wala bastola. Niliandika kurasa 18 usiku ule, mimi ambaye ukurasa mmoja hunitoa jasho.

Asubuhi nikasoma. Mke anawasha taa kwa kijiti cha kibiriti. Nikaenda kutafuta: vijiti vya kukwaruza alivibuni Mwingereza John Walker mwaka 1826. Nikafuta. Barua ina stempu; stempu ya kwanza ya kubandika ilitoka Uingereza mwaka 1840. Nikafuta, nikaikunja na kuifunga kwa lakiri. Tangu hapo ni miezi mitano nasoma: mabaharia walivyopima mwendo kwa kamba yenye mafundo, nyama ilivyotiwa chumvi kwenye mapipa. Daftari limejaa, hadithi bado iko ukurasa wa 18. Na nina raha sana, ndilo linalonitisha.

Maswali mawili. Utafiti unaishia wapi? Na kuna nahodha mmoja aliyekuwapo kweli. Naweza kumtia maneno kinywani?

NyarakaZaKale
Pole na hongera, kijana. La kibiriti limenichekesha, maana neno ni kongwe kuliko kijiti. Kwa Kiarabu maana yake ni salfa, na hata sisi salfa tunaiita kibiriti upele. Kwa hiyo mke huyo angeweza kulitamka, kuliwasha ndiyo asingeweza. Watu wanakagua vitu, wanasahau maneno. Mimi nilimwandika askari wa Kirumi "akabadilisha gia", nikaisoma mara tano bila kuona.

Kuhusu nahodha: Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alieleza mapema kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa Vita vya Majimaji. Nawe sema hivyo kwenye utangulizi, uendelee. Ila ningekuwa wewe, nahodha ningemwacha aonekane kwa macho ya mpishi. Mpishi hakuna atakayekudai.

alama_mbili
Mimi napingana kidogo na mzee hapo juu. Shakespeare aliweka saa inayogonga katika Roma ya Julius Caesar, zaidi ya miaka elfu moja kabla saa za namna hiyo hazijakuwapo, na Mwalimu Nyerere bado aliona tamthilia hiyo inastahili kutafsiriwa. Kosa la kitu linafutika. Hadithi isiyoandikwa utaifuta nini?

Ninavyofanya: nikifika nisipojua, naweka ?? na kupita. Ametoka akiwa amevaa ??, akapanda ??. Mswada wangu wa mwisho ulikuwa na alama hizo 61. Nilipozirudia, zaidi ya nusu zilikuwa kwenye sentensi ambazo hadithi yenyewe ilishazikataa. Hebu fikiria ningekuwa nimezisomea zote, na kwa jinsi ninavyopenda kujionyesha, ningezibakiza kwa nguvu.

NyarakaZaKale
Sikatai. Ila kuna ?? nyingine ndizo zenye hadithi.

Kalamu_Butu
Nimerudi. Wiki moja bila kufungua daftari. Niliandika "akawasha taa kwa ??" nikapita, lakini ile ?? ikakataa kunyamaza. Hana kibiriti, na moto wa jikoni umezimika usiku. Afanyeje? Atoke gizani akapalie moto kwa jirani. Na jirani ni nani? Nikajikuta nimemfanya mama wa yule aliyeleta posa, ambaye ameshasikia kwa baharia mmoja kwamba mume yu hai, na amenyamaza.

Kumbe miezi mitano nilikuwa nalihesabu kosa, sikuwahi kuuliza mtu asiye na kibiriti anakwenda wapi. Niko ukurasa wa 31. Nahodha nimemwacha huko huko baharini, hata sijamkumbuka.

Swali jipya, na naapa ni la mwisho: makaa matatu juu ya kigae yanakaa muda gani kabla ya kuzimika? Nataka wazungumze pale mlangoni kwa muda huo tu.